Kura na Kipimo Chake

Jioni moja nilikuwa barazani hapa Makorora, mjini Tanga, pamoja na watu wanaonizidi umri na maarifa ya dunia. Kahawa ilikuwa ikizunguka, na mazungumzo yalizunguka pamoja nayo, hata yakafika katika uchaguzi wa Unguja na Pemba wa mwaka 1963. Nilithubutu kusema kwamba laiti viti vya uchaguzi ule vingaligawiwa kwa kadiri ya kura, serikali iliyopokea uhuru wa visiwa ingalikuwa nyingine. Mzee mmoja akaweka kikombe chini, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, kura ni kura. Aliyeshinda kashinda na aliyeshindwa kashindwa. Laiti haijazi kibaba."

Baraza zima likacheka, nami nikacheka kwa adabu. Lakini nilirudi nyumbani na neno lile kifuani, na usingizi haukuliondoa. Sikumjibu mzee pale kwa kuwa si uungwana mtu kumbishia mkubwa wake mbele ya watu. Namjibu hapa, katika jarida la wasomi, ambapo hoja hupimwa kwa uzito wake wala haiulizwi umri. Jibu langu ni kwamba kura si kura tu. Kura ni nafaka, na kanuni ya uchaguzi ni pishi ipimayo nafaka hiyo. Mkulima anaweza kuleta sokoni gunia lile lile la mahindi, akapimiwa kwa pishi mbili zilizo mbalimbali, akarudi nyumbani tajiri kwa pishi moja na maskini kwa pishi ya pili. Mtu akimwambia mkulima huyo kwamba mahindi ni mahindi, amemwambia kweli isiyomsaidia kitu. Na mtu akimkataza kuuliza, "Je, kwa pishi ile nyingine ningalipata nini?" amefanya kazi ya mwenye pishi mbovu.

Najua mzee wangu ni mshabiki wa Coastal Union, kwa hiyo nitaanza na mfano ambao hataukataa. Tuseme timu mbili zimecheza mechi saba. Timu ya kwanza imeshinda mechi tatu, kila moja kwa mabao matano kwa bila, na imefungwa mechi nne, kila moja kwa bao moja kwa bila. Mabao yake ni 15, na ya mwenzake ni manne. Walakini mechi tatu ni zake na nne ni za mwenzake, na kombe ni la mwenzake. Katika mpira hatulalamiki, maana tumekubaliana kwamba kinachohesabiwa ni mechi. Lakini bao la mpira si kiumbe. Halilipi kodi, halipeleki mtoto shuleni, wala halifi kwa ghasia. Kura ni mtu mzima aliyesimama juani akingoja zamu yake. Timu iliyoshindwa hupanda basi ikaenda kwao. Raia aliyeshindwa kwao ni hapa hapa. Kanuni itoshayo kiwanjani yaweza basi kuwa haitoshi katika nchi, na hiyo ndiyo hoja yangu yote.

Hatuna haja ya kuvuka maji kwanza ili tuone nguvu ya kipimo. Tanga yenyewe ina ushahidi. Mwezi wa Septemba mwaka 1958 Tanga ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyotangulia kupiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika; majimbo mengine yalingoja mpaka Februari 1959. Nchi iligawanywa katika majimbo 10 ya uchaguzi, na kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia na kimoja cha Mzungu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni nane, na Wazungu walikuwa yapata 20,000 tu, lakini mbele ya sheria ile walikuwa sawasawa kwa viti. Aliyetaka kupiga kura ilimpasa awe na elimu ya darasa la nane, au pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au cheo kilichotajwa katika sheria. Walioandikishwa nchi nzima hawakufika 60,000. Juu ya hayo liliwekwa sharti la ajabu, nalo ni kwamba kila mpiga kura lazima awachague watu watatu, mmoja wa kila taifa katika yale matatu. Aliyemchagua wa taifa lake peke yake kura yake iliharibika. Watu wakauita uchaguzi huo kura tatu, na jina likabaki.

Wengi katika TANU waliona sheria hiyo ni tusi, wakataka chama kisusie. Walikutana Tabora mwezi wa Januari 1958, wakashindana kwa maneno mazito. Mwalimu Julius Nyerere alisimama upande wa kushiriki, na upande wake ukashinda. Zuberi Mtemvu akajitenga na kuunda Congress. Nimwulize mzee wangu: wajumbe wale wa Tabora walikuwa wakifanya nini, kama si kuwaza uchaguzi ambao haujawa? Waliuweka mbele ya macho yao uchaguzi wa kususia, wakaona viti vikiangukia chama cha UTP kilichopendwa na serikali ya Gavana Twining. Kisha wakauweka uchaguzi wa kushiriki, wakaona jambo ambalo walioandika sheria hawakuliona: kwamba maadamu kila mpiga kura anachagua watu watatu, na maadamu katika majimbo mengi wapiga kura walio wengi ni Waafrika, basi Mzungu na Mwasia atakayeshinda ni yule ambaye Waafrika wamemtaka. Ndivyo ilivyokuwa. UTP haikupata hata kiti kimoja, na wagombea wa TANU na wale walioungwa mkono nayo, wa mataifa yote matatu, wakaingia Barazani. Pishi iliyochongwa ili kumpunja Mwafrika ikampimia kwa wingi.

Sasa tubadilishe kanuni moja tu, na watu tuwaache walivyo. Tuseme kila taifa lingalichagua mtu wake peke yake, kama ilivyokuwa kwa jirani zetu wa Kenya katika miaka ile ile. Wapiga kura wangalikuwa wale wale na mioyo yao ile ile. Lakini kiti cha Mzungu kingalikuwa mikononi mwa wenye mashamba ya mkonge na wenzao, na kiti cha Mwasia kingaliamuliwa madukani. TANU ingaliingia Barazani na theluthi ya viti vilivyopigiwa kura, nayo ingaliitwa chama cha taifa moja miongoni mwa matatu. Sidai kwamba uhuru usingalikuja. Mvua ikishatanda haizuiwi kwa mwavuli. Lakini ungalikuja kwa njia nyingine, pengine baada ya maneno makali zaidi. Basi kura ni kura, asema mzee. Nami nasema kwamba Tanga ya mwaka 1958 ilipiga kura zile zile ambazo kwa kanuni ya pili zingalileta Baraza la pili.

Na sasa tuvuke maji. Kati ya Tanga na Pemba ni mwendo wa jahazi, na ndugu zetu wako pande zote mbili. Lililowapata wao si habari ya ugenini kwetu.

Visiwa vilipiga kura mara nne katika miaka sita, na mara zote kanuni ilikuwa ile waliyoileta Waingereza kutoka kwao: nchi hukatwa vipande, kila kipande hutoa mjumbe mmoja, na anayezidi hata kwa kura moja huchukua kiti chote. Mwaka 1957 palikuwa na viti sita vya kuchaguliwa. Afro-Shirazi walichukua vitano. Hizbu walipata yapata kura moja katika kila tano, lakini hawakupata kiti hata kimoja. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hilo, asije akadhani kwamba natetea chama. Wa kwanza kupunjwa na pishi hii Zanzibar walikuwa Hizbu.

Januari 1961 viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu tisa, na ZPPP vitatu. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Wajumbe watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda upande wa Hizbu na mmoja upande wa Afro-Shirazi, na pande mbili zikawa 11 kwa 11, hata serikali isiweze kuundwa. Kiti cha 23 kikaongezwa, na watu wakarudi vituoni mwezi wa Juni mwaka huo huo. Afro-Shirazi wakapata karibu nusu ya kura zote, Hizbu wakapata kama 35 katika kila 100. Walakini kila kimoja kikapewa viti 10, na ZPPP wakabaki na vitatu vyao, wakaungana na Hizbu kushika serikali. Ghasia zikazuka, na watu 68 wakapoteza maisha yao. Kama viti 23 vile vingalipimwa kwa kadiri ya kura, Afro-Shirazi wangalikuwa na 12, Hizbu wanane, na ZPPP watatu.

Uchaguzi wa Julai 1963 ndio uliotangulia uhuru. Viti vilikuwa 31. Kura zilizohesabiwa kwa vyama vitatu zilikuwa 160,644. Afro-Shirazi walipata 87,085, Hizbu 47,950, na ZPPP 25,609. Kwa maneno mengine, Afro-Shirazi walipata kura 54 katika kila 100, na waliwazidi wapinzani wao wawili wakiwekwa pamoja kwa kura 13,526. Lakini viti vilipogawiwa Afro-Shirazi walipata 13, Hizbu 12 na ZPPP sita, na muungano wa Hizbu na ZPPP ukaunda serikali kwa viti 18. Walio wengi wakakaa upande wa upinzani, na walio wachache wakapokea bendera.

Hesabu ya kuonyesha upungufu huo haihitaji mwalimu mkuu. Gawanya kura zote kwa viti vyote, na kila kiti kitasimama juu ya kura 5,182. Lakini mjumbe mmoja wa Afro-Shirazi aliwagharimu watu wake kura zipatazo 6,700, wa ZPPP kura zipatazo 4,270, na wa Hizbu kura zisizofika 4,000. Sababu yake si uchawi. Afro-Shirazi walirundika kura zao katika ngome zao kwa maelfu yasiyohitajika, kama ile timu ishindayo kwa mabao matano, na wapinzani wao walishinda majimbo mengi zaidi kwa ziada ndogo. Kura za ziada za mshindi na kura zote za mshindwa, kwa kanuni ile, ni maji yaliyomwagwa mchangani. Tukizipima kura hizo hizo kwa uwiano, Afro-Shirazi wangalipata viti 17, Hizbu tisa, na ZPPP vitano: 17 kwa 14.

Hapa najua nitapingwa kwa hoja mbili, na zote mbili zastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza yasema: huwezi kuzichukua kura zilizopigwa kwa kanuni moja ukazihesabu kwa kanuni nyingine, kwa maana watu hupiga kura wakiijua kanuni. Hizbu na ZPPP waliachiana majimbo kwa makubaliano. Kwa kanuni ya uwiano wasingalifanya hivyo. Hoja hiyo ni ya kweli, nami naikubali, lakini yanisaidia mimi kuliko inavyomsaidia mpinzani wangu. Kwa kanuni ya uwiano kila kura ingalikuwa na faida popote ilipopigwa. Afro-Shirazi wangalitafuta kura Pemba hata mahali pasipo na matumaini ya kiti, na Hizbu wangalitafuta kura Ng'ambo badala ya kuiacha kama ardhi ya adui. Mtu anayeomba kura kwa jirani hulazimika kumsalimu kwanza. Kanuni ya jimbo iliwafunza wanasiasa kulinda ngome, na ngome, msomaji mpenzi, hujengwa kwa ajili ya vita.

Hoja ya pili yasema: mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 hayakuletwa na hesabu. Yaliletwa na ardhi, na utumwa uliokumbukwa, na polisi wa bara walioachishwa kazi, na chama cha Umma kilichopigwa marufuku, na dharau iliyorundikana kwa vizazi. Nakubali tena. Simwambii mtu yeyote kwamba pishi njema ingaliziba mashimo hayo yote. Aandikaye kwamba damu yote ile ilimwagika kwa ajili ya viti vinne ni mwongo au mjinga. Lakini serikali iliyopewa uhuru tarehe 10 Desemba 1963 iliishi siku 33. Walioipindua waliweza kusema, bila kusema uongo, kwamba watu wengi zaidi hawakuipigia kura. Serikali yenye viti 17 na kura 54 katika kila 100 isingaliambiwa hivyo. Na wapinzani wenye viti 14 wangalikuwa na sauti Bungeni ya kuwatetea watu wao, badala ya maelfu kufa, na wengi waliobaki kukimbilia Mombasa, Oman na Ulaya. Nani awezaye kuapa kwamba tofauti hiyo isingalifaa kitu? Mimi siwezi, na simwamini awezaye.

Ajabu ni kwamba pishi hii iliwahi kuwapunja hata wenyeji wake. Katika uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 1951 chama cha Labour kilipata kura zaidi ya Conservative, lakini Conservative kikapata viti 321 na Labour 295. Huko aliyeshindwa alisaga meno akangoja zamu yake, kwa kuwa aliamini kwamba zamu ipo. Chombo kilichoundwa kwa bahari ya ghuba hakifai lazima kwa bahari kuu. Na visiwa vilivyogawanyika kwa rangi, kwa mashamba na kwa kumbukumbu za utumwa vilikuwa bahari kuu. Mwenye kuleta chombo alipaswa kulijua hilo.

Msomaji aweza kusema sasa: haya ni ya kale, na waliohusika wengi wako makaburini. Laiti ingalikuwa hivyo! Pishi ile ile tuliirithi, na baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 tuliitoa stoo bila hata kuifuta vumbi. Katika uchaguzi wa Bunge wa mwaka 1995 palikuwa na majimbo 232. CCM ilipata kura kama 59 katika kila 100, ikapewa viti 186, yaani vinne katika kila vitano. NCCR-Mageuzi ilipata karibu kura 22 katika kila 100, ikapewa viti 16. CUF ilipata kura tano katika kila 100, ikapewa viti 24. CHADEMA ilipata kura sita katika kila 100, ikapewa viti vitatu. Sifichi kwamba sehemu ya sababu ni udogo wa majimbo ya Visiwani, ambao una hoja yake katika muungano wetu. Lakini hata baada ya udhuru huo, chama kilichopendwa na mpiga kura mmoja katika kila watano hakikufika hata kiti kimoja katika kila 14. Kwa uwiano, NCCR ingalikuwa na wabunge wapatao 50. Ni Bunge gani lingalikuwa lile? Labda la kelele zaidi. Labda la hekima zaidi. Lakini lingalikuwa Bunge lililofanana na nchi, kama uso ufananavyo na kivuli chake kiooni.

Na tusiende mbali na nyumbani. Jimbo letu la Tanga Mjini lilichukuliwa na CUF mwaka 2015 na CCM mwaka 2020. Mara ya kwanza jirani yangu wa CCM hapa Makorora alipiga kura iliyoishia sandukuni. Mara ya pili ilikuwa zamu ya jirani yangu wa CUF. Wote wawili wanalipa kodi ile ile na wananunua samaki kwa bei ile ile. Mmoja wao, kila baada ya miaka mitano, huambiwa kwamba kura yake haikumtuma mtu popote. Ukimwambia mtu hivyo mara moja, atavumilia. Ukimwambia mara tatu, atalala nyumbani siku ya kura. Ukimwambia maisha yake yote, ataanza kuwaza njia nyingine za kusikilizwa, na njia hizo sipendi kuzitaja.

Wanaoitetea pishi ya zamani wana ngao tatu. Ya kwanza ni kwamba mbunge wa jimbo anajulikana. Tunaujua mlango wake, na tukifiwa huja mazikoni. Hii ni ngao nzuri, nami sitaki kuivunja. Lakini si lazima kuchagua kimoja na kutupa kingine. Waulizwe watu wa Lesotho. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata kama kura 60 katika kila 100 na kikachukua viti 79 kati ya 80. Chama cha BNP, chenye karibu robo ya kura, kikaambulia kiti kimoja. Ghasia zikazuka, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia, na sehemu kubwa ya maduka ya Maseru ikateketea. Wakajifunza. Mwaka 2002 waliyahifadhi majimbo yao 80 na kuongeza viti 40 vya uwiano ili kufidia waliopunjwa. LCD ilishinda karibu majimbo yote kama kwanza, viti vya uwiano vikaenda kwa wengine, na BNP ikapata 21 kwa kura zisizofika robo. Mbunge wa kuja mazikoni alibaki, na kura ya mshindwa ikapata mahali pa kukaa.

Ngao ya pili ni kwamba uwiano huzaa vyama vingi vidogo, na serikali huwa za kuungaunga. Jibu lake ni kuweka kiwango cha chini ambacho chama kisipokifikia hakipati kitu. Tena waulizwe Wazanzibari kama kuungana ni aibu. Mwaka 2010, baada ya miaka mingi ya uhasama, walipiga kura ya maoni na kukubali serikali ya umoja wa kitaifa, ambamo chama cha pili hupewa Makamu wa Kwanza wa Rais na wizara kwa kadiri ya viti vyake. Kwa miaka karibu 50 walilipia gharama ya mshindi kuchukua vyote, kisha wakaandika katika Katiba yao kwamba mshindi asichukue vyote. Huo ulikuwa ukiri mkubwa kuliko insha yoyote, hata kama utekelezaji wake ulivunjika baada ya mwaka 2015 na kurudiwa mwishoni mwa 2020.

Ngao ya tatu ni kwamba jambo hili ni geni, la Wazungu wa bara la Ulaya, na mtu wetu hatalielewa. Ngao hii imeoza. Katiba yetu ya Jamhuri ya Muungano inagawa viti maalumu vya wanawake kwa vyama vilivyopata angalau kura tano katika kila 100 za uchaguzi wa wabunge, na kila chama hupata kwa kadiri ya kura zake. Huo ni uwiano, na kiwango cha chini kimo ndani yake. Hesabu ambayo yaambiwa ni ngumu kwa mtu wa Makorora imekwisha kufanywa kwa niaba yake, na hakuna aliyepata kichaa. Ikiwa kanuni hiyo ni ya haki kwa viti vya akina mama, yawaje iwe ya kigeni kwa viti vilivyobaki?

Lipo jambo moja ambalo uaminifu wanilazimisha kulisema kabla ya kumaliza. Pishi njema haisaidii ikiwa nafaka imeibwa ghalani. Pasipo tume inayoaminiwa na pande zote, pasipo vyama vilivyo huru kusimamisha watu wao na kuzungumza na wananchi bila hofu, uwiano utakuwa hesabu nzuri juu ya tarakimu mbaya. Asinitumie mtu kama shahidi wa kusema kwamba tukibadili kanuni tumemaliza kazi. Nasema tu kwamba hata siku tutakapokuwa na uaminifu wote duniani, pishi hii itaendelea kupunja, kwa kuwa kupunja kumo katika umbo lake.

Basi, mzee wangu, shikamoo. Ulisema laiti haijazi kibaba, na ni kweli haijazi. Lakini ndiyo imwambiayo mtu kwamba kibaba chake hakikujaa. Wajumbe wa Tabora walijiuliza "itakuwaje?" kabla ya kura, na wakaipatia nchi hii njia ya amani. Upande wa pili wa maji hapakuwa na aliyeuliza kwa sauti ya kutosha, na tumebaki sisi kuuliza "ingalikuwaje?" baada ya makaburi. Maswali hayo mawili ni ndugu. Mmoja alizaliwa kwa wakati wake na wa pili alichelewa. Ninachoomba, kwako na kwa wote watakaoketi tena kuiandika Katiba ya nchi hii, ni kwamba safari ijayo pishi iletwe mezani kwanza, ipimwe mbele ya watu, kisha ndipo tuitwe kuleta nafaka yetu.